Masanduku saba ya marehemu kaka

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba usilichapishe jina langu, kwa sababu shemeji yangu husoma ukurasa wako kila wiki, na jambo lenyewe linamhusu yeye na wanawe kabla halijanihusu mimi.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Mombasa, umri wangu miaka 38. Chumbani mwangu kuna masanduku saba ya bati yaliyoachwa na marehemu kakangu. Ndani mna gemu za video zilizotengenezwa kutokana na filamu, pamoja na kila kilichoandamana nazo: kanda za video, DVD, riwaya, vitabu vya katuni, CD za muziki, hata vile vijitabu vya maelezo vinavyokaa ndani ya boksi. Kaka alikuwa baharia, chumba cha injini, tangu 1998. Kila likizo alirudi na zawadi za watu wote wa nyumba, na chini kabisa ya begi, zimeviringwa ndani ya fulana, gemu zake mbili tatu.

Mwaka 1999 alikuja na mashine ya gemu ya Nintendo 64 aliyoinunua Rotterdam, si mpya, pamoja na kaseti ya GoldenEye 007, gemu ya filamu ya James Bond iitwayo GoldenEye. Nilikuwa na miaka 12. Televisheni yetu ilikuwa ya inchi 14, na gemu ile huigawa skrini vipande vinne ili watu wanne wawindane kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu alikodolea kipande cha ukubwa wa kiganja. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna ruhusa ya kumchagua mhusika aitwaye Oddjob, maana ni mfupi na risasi humpita juu ya kichwa. Kaka ndiye aliyenieleza kwamba hiyo sehemu ya wachezaji wanne, iliyoipa gemu jina dunia nzima, iliongezwa mwishoni mwa kazi. Filamu ilitoka 1995, gemu ikatoka Agosti 1997. Watengenezaji wake, Rare, walipewa muda. Kisha kaka alikuwa akiilinganisha na gemu ya filamu ya E.T. ya kampuni ya Atari, ambayo mtu mmoja, Howard Scott Warshaw, alitakiwa aimalize kwa wiki kama tano hivi ili iwahi Krismasi ya 1982. Kaseti zake nyingi zikaishia kufukiwa jaani huko Alamogordo, New Mexico, na kufukuliwa 2014. Kaka aliijua hadithi hiyo kama watu wanavyojua historia ya mtaa wao.

Alifariki 2021. Aliacha mjane, binti wa miaka kumi na mtoto wa kiume wa miaka saba, na mama yetu yu hai. Mirathi iligawanywa nyumbani mbele ya sheikh: akiba, pikipiki, kiwanja cha Mtwapa. Masanduku hayakutajwa. Wala hayakufichwa, Shangazi. Yalikuwa pale pale barazani, wazee wawili wameyakalia wakati hesabu inafanywa. Hakuna aliyedhani kuwa ni mali, nami pia sikudhani. Eda ilipokwisha shemeji aliniita akaniambia, "Chukua makaseti ya kakako, mimi yananijazia nyumba tu." Siku hiyohiyo nilileta tuktuk nikayahamisha kwa safari tatu.

Tangu hapo nimeyatunza kwa moyo wangu wote. Wewe unajua hewa yetu ya pwani: chumvi inakula chuma, na unyevu unaotesha ukungu kwenye utepe wa kanda hadi unaona doa jeupe kupitia kidirisha. Kila baada ya miezi miwili nazitoa kaseti nikasafisha meno yake kwa spiriti na pamba, kanda nazisimamisha wima mahali pakavu, CD nazishika kwa ukingo. Nimenunua vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwa wauza viatu. Mke wangu amevumilia mengi, na nasema hivi kwa shukrani.

Ndani ya sanduku la kwanza kuna daftari. Kaka aliandika kila kitu: bandari, tarehe, bei, na neno moja au mawili. "Houston. Shadows of the Empire. Ya Marekani, mashine yangu ya Ulaya imeikataa." Chini yake: "Hamburg. Shadows tena. Hii inakubali." Amezihifadhi zote mbili. Ukurasa wa mwisho una orodha iliyoanza na neno "Bado". Ni vitu alivyokuwa hajavipata. Kuanzia 2022 nimekuwa nikivitafuta kimoja kimoja kwa pesa zangu, na tisa nimeshavipata na kuvipanga mahali pake. Hapo nilijichanganyia mambo, kwa sababu sasa vyangu na vya marehemu viko sanduku moja.

Naomba nieleze kwa nini vitu hivi vinahitaji kukaa pamoja, maana bila hilo utaona kama nang'ang'ania michezo ya watoto.

Hiyo Shadows of the Empire ya 1996 ni kisa cha Star Wars kinachotokea kati ya filamu ya 1980 na ile ya 1983. Walikitoa kama riwaya ya Steve Perry, kama katuni, kama gemu ya Nintendo 64, kama CD ya muziki wa Joel McNeely ulioandikwa kwa ajili yake, na wanasesere juu. Kila kitu isipokuwa filamu yenyewe. Kwenye gemu wewe ni Dash Rendar. Unaanza kwenye theluji ya Hoth, ukiruka na chombo na kuizungushia kamba miguu ya yale mashine makubwa hadi yaanguke. Lakini mwovu wa kisa, Prince Xizor, humjui sawasawa mpaka usome riwaya. Kaka alituketisha, tukacheza, kisha akaniwekea muziki ule na kunipa kitabu. Kiingereza changu cha shule kilitoka pale, kamusi ubavuni.

Gemu ya Enter the Matrix ya 2003 ndiyo imeshikana zaidi na vingine. Ilitoka wiki moja na filamu ya pili ya Matrix. Waongozaji wa filamu, ndugu Wachowski, walipiga picha za takriban saa nzima kwa ajili ya gemu hiyo tu, kwa waigizaji walewale. Sasa fuatilia kamba yake. Katika The Animatrix, ile DVD ya filamu fupi tisa, wahudumu wa chombo kiitwacho Osiris wanajitoa mhanga ili ujumbe wao ufike kwenye sanduku la posta. Katika gemu, ni wewe unayekwenda kuutoa ujumbe huo posta, ukiwa Niobe au Ghost. Katika filamu, watu wanakutana kuujadili ujumbe ambao tayari umefika. Mtu aliyeona filamu peke yake anausikia ukitajwa tu na kupita. Kaka aliviweka vitatu hivyo ndani ya mfuko mmoja wa plastiki na kuufunga kwa uzi. Sijawahi kuukata, nafungua fundo na kulifunga tena.

Ubavuni mwa mfuko huo kuna boksi la The Matrix Online, gemu ya 2005 iliyochezwa kwa intaneti pekee. Seva zake zilizimwa tarehe 31 Julai 2009. CD ni safi, haina mkwaruzo, na haiwezi kukupeleka popote. Kaka aliandika kwenye daftari: "Imefungwa. Ibaki."

Na gemu za filamu hupotea kwa urahisi kuliko nyingine, kwa sababu zina mabwana wawili, aliyetengeneza gemu na mwenye filamu. Mkataba ukiisha, gemu inatolewa madukani. Hiyo GoldenEye, Rare waliponunuliwa na Microsoft mwaka 2002, haki zikawa zimegawanyika kati ya Microsoft, Nintendo na wenye James Bond, na ya asili haikutolewa tena hadi Januari 2023. Mwaka huohuo Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununua dukani. Kwa hiyo sanduku la bati la baharia wa Mombasa si kitu cha kupuuzwa, na hilo nalisema kwa uhakika.

Sasa niingie kwenye kinachoniuma.

Miezi miwili iliyopita niliweka picha za rafu moja kwenye status ya WhatsApp. Zikasambaa, mtu wa Nairobi anayekusanya gemu akanipigia. Alikuja, akakagua kwa adabu, akachagua vitu 31. Kaseti zilizo na maboksi yake, Shadows zote mbili, Enter the Matrix, baadhi ya DVD. Ametaja shilingi 120,000. Riwaya, katuni, kanda na CD za muziki hazitaki. Nilipomwambia zinakwenda pamoja alinisikiliza, akasema anaelewa, lakini yeye hukusanya gemu tu.

Nilikuwa karibu kumkatalia pale pale. Usiku ule nilipolala nikajiuliza: nakataa kama nani? Katika darasa la baada ya magharibi nimesoma kwamba marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu yake hapati kitu. Mjane ana thumni, yaani moja ya nane, mama ana sudusi, moja ya sita, iliyobaki ni ya watoto, wa kiume fungu mbili na wa kike moja. Mimi sina hata fungu. Shemeji aliponipa masanduku alinipa kwa moyo safi, lakini aliweza kutoa lake tu. La watoto hakuwa na uwezo wa kulitoa, na walikuwa wadogo, na hakuna aliyejua thamani yake. Miaka minne nimekuwa nikisema "masanduku yangu" juu ya mali ya yatima. Qurani imekemea jambo hilo kwa maneno makali, na tangu nilipolitambua chakula hakinishuki vizuri.

Ningeweza kumwendea shemeji asubuhi yake. Sikwenda. Wiki ya tatu hii nimenyamaza, na hilo ndilo kosa langu la kweli, kwa maana la mwanzo lilikuwa la kutojua. Nimenyamaza kwa sababu najua atakachosema. Binti anaingia shule ya bweni Januari, na shemeji anauza mahamri na viazi karai kulipa karo. Shilingi 120,000 kwake ni karo, sare na godoro. Atasema uza, na atakuwa na haki. Mama naye atasema uza, kwa ajili ya wajukuu.

Halafu yuko mtoto wa kiume, ambaye sasa ana miaka 11. Huja kwangu Jumamosi. Babake alifariki kabla hajamfundisha chochote, kwa hiyo mimi namfundisha kwa kufuata daftari. Tumemaliza GoldenEye, Oddjob amepigwa marufuku na yeye pia. Sasa yuko kwenye Spider-Man 2 ya 2004, ile ambayo utando lazima unase kwenye jengo la kweli ndipo ubembee, haushiki hewani, na anapenda kuangaza mji kutoka juu ya maghorofa kuliko kupigana. Juzi aliuliza kama yale maandishi ya daftari ni ya babake kweli. Nikamwambia ndiyo. Alichukua kalamu akajaribu kuiga ile herufi ya "R" ya Rotterdam, ukurasa mzima. Hajui kwamba sehemu kubwa ya vitu anavyovishika ni vyake.

Nimewaza kuvinunua mimi, nimlipe shemeji kidogo kidogo kila mwezi. Lakini naogopa: nitakuwa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, bei nitapanga mimi, na karo inatakiwa kwa mkupuo. Pia nimewaza kumuuzia yule mtu vile tu ambavyo havijafungamana na vingine na kubakiza Matrix na Shadows. Hapo tena nani amenipa mamlaka ya kuchagua? Na vile tisa nilivyoongeza, je, nivitoe, au kwa kuvipanga ndani ya seti ya marehemu nimeshavifanya vyao?

Shangazi, naomba unishauri kwa uwazi. Nianze na shemeji peke yake, au nimkalishe na mama kwa pamoja, sheikh akiwepo? Je, nina haki ya kuwaeleza, kabla hawajaamua, haya niliyokueleza kuhusu vitu hivi kukaa pamoja, au kwa mtu mwenye shida ya karo maneno hayo ni kumbana? Na mtoto wa miaka 11, je, aulizwe? Mimi naona aulizwe, lakini naogopa kwamba nitakuwa namtuma aseme ya moyoni mwangu.

Mnunuzi anashuka na treni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Jumamosi inayofuata kijana atakuja kama kawaida, na anajua kuhesabu masanduku.

Wako mwenye wasiwasi,
Ami, Mombasa