Zinki kwa mgonjwa wa figo: tuulizeni kabla hamjanunua

Mara nyingi hapa dukani Majengo huingia mtu akitaka vidonge vya madini ya zinki vya mgonjwa wa figo nyumbani. "Mama hataki kula, asema chakula hakina ladha." Twajua anayeuliza hivyo ana uchungu na mamake, kwa hivyo kabla ya kumpa kitu twaketi naye kwanza.

Ni kweli wagonjwa wengi wa figo hupungukiwa na zinki. Sehemu kubwa ya zinki katika damu husafiri ikiwa imeshikana na albumini, protini ambayo figo nzima haiiachi itoke. Figo zikiharibika hadi protini ikavuja kwenye mkojo, zinki huondoka nayo. Tena mgonjwa ameambiwa apunguze nyama, ambayo ina zinki, na hamu yenyewe hana. Hata dawa zake huchangia: kalsiamu anayomeza pamoja na chakula ili kuzuia fosforasi, madini ambayo figo zikiugua hushindwa kuyatoa, huweza kuishika na zinki pia isiingie mwilini.

Zinki ikipungua, vidonda huchelewa kupona, nywele hukatika, na ulimi hupoteza ladha. Hili la ladha ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu asiyeonja mchuzi huongeza chumvi. Presha hupanda, miguu huvimba, na figo huzidi kuumia. Lakini ladha mbaya mdomoni huweza pia kuletwa na taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa, na hapo kidonge cha zinki si dawa. Ni daktari wa figo anayepaswa kuambiwa, na mapema.

Vile vidonge vya miligramu 20 mnavyovijua ni vya watoto wanaohara, navyo hutumiwa siku 10 hadi 14 tu. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 11 kwa siku akiwa mwanamume, 8 akiwa mwanamke, ukihesabu na ile iliyomo kwenye chakula, na hashauriwi kupita 40 bila daktari. Dozi kubwa kwa miezi mingi huuzuia mwili kupata madini ya shaba, kisha damu hupungua. Mgonjwa wa figo mara nyingi tayari ana upungufu wa damu. Nani atashuku kidonge alichonunuliwa na mwanawe kwa nia njema?

Korosho na mbaazi zina zinki, ila zina potasiamu na fosforasi pia, ambazo figo zikiugua hushindwa kuzitoa, kwa hivyo msimwongezee sahanini kabla ya kuzungumza na mtaalamu wake wa lishe.

Basi mkija, leteni dawa zake zote, hata za mitishamba, na karatasi ya vipimo vya karibuni. Tutaziangalia pamoja bila malipo, na tutawaandikia maswali ya kumpelekea daktari. Akiagiza kipimo cha zinki, muulizeni kama mgonjwa aende asubuhi kabla ya kula, maana kiwango chake katika damu hushuka baada ya chakula.