Somo la ujasiriamali liwe na mtaji wa kurejesha

Mhariri,

Vyuo vikuu vyetu vingi sasa vinafundisha ujasiriamali, hata kwa wanafunzi wa kilimo na uhandisi. Tatizo ni kwamba kozi inaishia kwenye andiko la biashara, na andiko halina mteja wa kulalamikia bei.

Panapokuwa na vitendo, mara nyingi ni sabuni ya maji. Si vibaya, ila somo liko kwenye hesabu kuliko kwenye kukoroga. Tuseme kundi limetengeneza lita 20 kwa malighafi ya sh. 18,000. Wanagawanya, wanapata sh. 900 kwa lita, wanauza sh. 1,500 na kushangilia faida ya sh. 600. Sasa ongeza chupa sh. 400, lebo sh. 100, na nauli ya kufuata malighafi mjini sh. 150 kwa kila lita: gharama ni sh. 1,550. Wanauza kwa hasara huku wakipigiwa makofi. Hapo hatujagusa ndoo iliyoharibika kwa chumvi; kiasi chake huifanya sabuni iwe nzito, ikizidi inarudi kuwa nyepesi kama maji.

Hata bei ikikaa sawa, kuna mali kauli. Duka linapokea chupa zote leo, linalipa baada ya wiki tatu. Kundi lina faida kwenye daftari lakini halina hela ya kutengeneza ndoo ya pili. Hilo ubaoni halieleweki mpaka likukute.

Kwa semista ya wiki 15, makundi ya watu watano yakopeshwe na chuo sh. 150,000 kila moja wiki ya pili, yazungushe mtaji angalau mara tatu, yarejeshe wiki ya 14. Chuo cha Babson, Marekani, kimekuwa kikiwakopesha hivyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Darasa la watu 60 linahitaji sh. milioni 1.8, na zikirudi zinakopeshwa darasa linalofuata. Alama 60 ziende kwenye kazi, 40 kwenye mtihani. Daftari likaguliwe kila wiki pamoja na risiti na miamala ya simu. Likisubiri mwisho wa semista litaandikwa usiku mmoja, kwa kalamu moja.

Kundi lililopata hasara lisifelishwe, mradi daftari lionyeshe fedha ilikokwenda. Lisiloweza kuonyesha lirudie kozi, hata kama limerejesha mkopo wote. Huenda wamelipa wazazi.

Mwalimu wa ujasiriamali,
Morogoro