Pipi za huruma zinawaozesha meno watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu ambayo mwenye nayo hawezi kuyasema. Mwanangu ana miaka 13 na ana ulemavu wa akili. Mwaka jana, kwa karibu wiki tatu, alikuwa akijipiga makofi shavuni, akikataa hata muhogo na samaki anaoupenda, na usiku akilia bila ya kutulizika. Jirani mmoja alisema kachezewa kwa uchawi, mwengine akashauri asomewe, na mimi mwenyewe, nakiri, nilimgombeza nikidhani ni ukaidi. Alipofunguliwa kinywa, tena kwa kushikwa na watu watatu, magego mawili ya chini yalionekana yameoza kabisa. Tulikompeleka hatukupewa njia nyengine ila kung'oa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia kinachotiwa mkononi mwake. Akipita barazani hupewa pipi, akitumwa dukani huongezwa ubuyu, na ikifika sikukuu kila nyumba humfungia halua na visheti. Hakuna anayemtakia baya. Watu wanamwonea huruma, na huruma yetu hapa Wete ina sukari nyingi. Sisi wa nyumbani ndio tuliotangulia kukosea, kwani tulimzoesha biskuti kila tulipotaka akubali kuvaa nguo au atulie garini. Vijidudu vya mdomoni huigeuza sukari kuwa tindikali inayomomonyoa tabaka gumu la nje la jino, na kinachodhuru si wingi wa sukari tu, bali pia kuila kidogo kidogo kutwa nzima, maana mate hayapati muda wa kulirudishia jino madini yaliyopotea. Baadhi ya watoto wenye ulemavu kama wake huweka chakula shavuni kwa muda mrefu bila ya kukimeza, wengine hupumulia mdomo hadi mate yakakauka, na wale wenye kifafa huenda wakanyweshwa dawa ya maji yenye sukari wakati wa kulala, saa ambazo mate hupungua.

Wazazi wengi tunaamini kwamba mtoto akishashika mswaki mwenyewe, kazi imekwisha. Mimi niliamini hivyo kwa miaka, kumbe mkono wake haukuwa ukifika kwenye magego ya nyuma. Sasa mimi hukaa kitini, yeye hukaa chini kwenye mkeka akinipa mgongo, kichwa chake kikiegemea mapajani mwangu, nikamsugua asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha jino, kisha akatema bila ya kusukutua sana ili floridi ibakie menoni. Siku za mwanzo nilitafunwa vidole. Ilituchukua zaidi ya mwezi, tukianza na meno ya mbele tu, mpaka akazoea.

Hata hivyo, mzazi peke yake hawezi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika kifungu cha 25 wapewe huduma za afya za kiwango kilekile wanachopewa wengine. Ninaloliomba kwa wizara zetu za afya na elimu ni kwamba wataalamu wa meno wazifikie skuli zenye wanafunzi hawa, Unguja na Pemba, kabla jino halijauma, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "naumwa" hatakuja kituoni mwenyewe. Ipo dawa ya kupaka iitwayo silva daiamini floridi, iliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo inaweza kuzuia uozo usiendelee bila ya sindano wala mashine ya kutoboa. Ni kweli huacha weusi pale palipooza, lakini mzazi aliyewahi kumshikilia mwanawe aking'olewa jino hatashughulishwa na weusi huo.

Kwa majirani zangu, mwanangu bado atapita barazani jioni. Mkitaka kumfurahisha, mpeni mkono na mwiteni kwa jina lake. Salamu huzipenda kuliko hata ubuyu.

Mzazi,
Wete, Pemba