Safari ya Jumamosi: Ballard hadi Andrews Bay

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi tunaondoka kwa mashua kutoka bandari ya Shilshole, Seattle, saa 2 kamili asubuhi, tafadhali tusichelewe. Foleni ya mashua kwenye milango ya maji ya Ballard (inayopandisha na kushusha mashua kati ya bahari na ziwa) hurefuka mapema.

1. Mchango dola 25 kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku. Kupita Ballard ni bure, hizi ni za mafuta na pilau.
2. Nahitaji wawili wa kushika kamba za futi 50. Maji yakitupandisha kamba italegea: vuteni taratibu, msifunge fundo.
3. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, watoto pia.

Usiku tunatia nanga Andrews Bay, Ziwa Washington. Maji baridi, matulivu, miti ya Seward Park ikitukinga. Kurudi Jumapili alasiri.

Naomba kila familia iandike "Tupo" na idadi kabla ya kesho saa 4 usiku. Nani atashika kamba?