Jua Lile la 1973 Linakuja Kwako

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, huku sote hatujambo ila goti la mamako, ambalo unalijua. Jirani yetu anakuja umra mwezi ujao, nimempa kifurushi chako: achari ya embe, kashata, na kipande cha kioo cheusi nilichokifunga kwa kitambaa cha kufutia saa. Hicho kioo usikitupe ukidhani nimekosea. Barua yote hii ni kwa ajili yake.

Ule ujumbe ulionitumia kwa simu nimeusoma mara mbili. Kwamba tarehe 2 Agosti 2027 dunia nzima itaingia giza kwa dakika sita, na kwamba jambo hilo halijapata kutokea wala halitatokea tena kwa miaka mia. Ukauliza, "Baba, ni kweli haya?" Robo yake ni kweli. Jua litapatwa, na hapo Jeddah ulipo litapatwa lote, giza la karibu dakika 6, muda si mrefu baada ya adhuhuri. Dunia nzima, la. Giza lenyewe ni ukanda usiozidi kilomita 260 kwa upana. Unaanzia bahari ya Atlantiki, unapita kusini mwa Hispania, Moroko na jirani zake mpaka Misri, unavuka Bahari ya Shamu, unapiga Jeddah na Makka, unashuka Yemen, unagusa pembe ya Somalia kisha unapotelea bahari yetu ya Hindi. Sisi Mombasa tutaona jua limeumwa upande mmoja tu.

Lakini hiyo "halijapata kutokea" ndiyo iliyonitoa kitandani. Mwanangu, jua hilo mimi nimeshaliona.

Ilikuwa Jumamosi, 30 Juni 1973. Nilikuwa na miaka kumi. Babuyo alikuwa amerudi baharini, ameketi uani anashona wavu, na maji yalikuwa yamejaa mpaka ngazi za pwani zimefichika. Jirani walikuwa wameweka mabeseni ya maji walitazame jua humo, wengine wamepaka vioo masizi ya koroboi. Babuyo alinikataza yote mawili. (Alikuwa na haki. Maji na masizi havilindi jicho, nalo huungua bila kuhisi maumivu.) Akaniambia, "Wewe tazama chini."

Lile banda letu la jikoni lilikuwa la makuti, na makuti yake yalikuwa makuukuu, yana matundu tele. Kila tundu lilipitisha mwanga, na kila mwanga ulikuwa na duara lake sakafuni. Siku zote yalikuwapo yale maduara, nami sikupata kuyaona. Alasiri ile yakaanza kuumwa pembeni, yote kwa pamoja. Kufika saa kumi na dakika chache sakafu nzima ilikuwa imejaa hilali, mamia ya hilali, kama kwamba kila Ramadhani iliyopata kuandama imekuja jikoni kwetu. Mwanga ukawa wa ajabu, si wa magharibi wala wa mawingu, kivuli cha mkono wangu kikawa na kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi. Kuku wakaingia bandani. Kutoka msikitini tukasikia watu wakiitwa swala ya kusuf, ile ya jua likipatwa.

Kwetu jua halikufunikwa lote. Waliolikuta limefunikwa lote ni watu wa Turkana, kule ziwani, na wataalamu kutoka nchi nyingi walikwenda kupiga hema huko. Wengine hawakuridhika na ardhi, wakapanda ndege ya Concorde, ile iliyoishinda sauti kwa kasi, na kulikimbiza giza juu ya Sahara, wakakaa ndani yake dakika 74. Mimi sijapata hata kupanda ndege, lakini wale watu nawaelewa kabisa.

Tulipotoka msikitini nikamuuliza babuyo, "Litarudi lini?" Akasema, "Muulize mwezi." Nikadhani ananifukuza.

Hakuwa ananifukuza. Babuyo hakusoma skuli hata siku moja, lakini bahari ilimfundisha hesabu. Mwaka wa Nairuzi, ule wa jua wa watu wa pwani, siku 365, aliuhesabu kwa miongo ya siku kumikumi, bila karatasi. Na alijua kwamba jua halipatwi siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Likipatwa, ni wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, tena bamvua la mwezi mwandamo, kwa sababu mwezi ndio unaopita mbele ya jua na ndio uleule unaovuta maji. Hilo mvuvi yeyote angekwambia. Asichoweza kukwambia ni kwa nini basi haliwi kila mwezi.

Jibu ni kwamba njia ya mwezi imelala mshazari, imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya jua. Miandamo mingi mwezi hupita juu kidogo ya jua au chini kidogo, kivuli chake kikatupwa hewani. Njia hizo mbili hukutana mahali pawili tu, kama njia panda. Mwezi ukiandama karibu na njia panda, jua linapatwa. Ukiandama mbali nayo, watu wanafunga au wanafungua, basi.

Sasa nisikilize kama fundi saa. Chukua magurudumu matatu, kila moja litie doa la rangi. La kwanza lizunguke kwa siku 29.53, huo ni mwandamo hadi mwandamo. La pili kwa siku 27.21, mwezi unapotoka njia panda mpaka urudi njia panda ileile. La tatu kwa siku 27.55, mwezi unapokuwa karibu kabisa na dunia mpaka ukaribie tena, maana hauendi duara sawasawa, na ukiwa mbali huwa mdogo, hauwezi kulifunika jua lote, linabaki pete. Yaanzishe yote madoa yakiwa juu. Halafu ngoja. Mwezi wa kwanza hayakutani. Mwaka wa kwanza hayakutani. Unaweza kuzeeka mezani hapo.

Ila gurudumu la kwanza likishazunguka mara 223, siku ni 6585.32. La pili likizunguka mara 242, siku ni 6585.36. La tatu mara 239, siku 6585.54. Nilipoyazidisha haya kwa kikokotoo nilirudia mara tatu, nikafunga duka, nikaenda kunywa kahawa. Mwezi mmoja, miendo mitatu isiyohusiana, na yote inarudi karibu pale pale baada ya miaka 18 na siku 11 hivi. Tofauti ya gurudumu la kwanza na la pili haifiki hata saa moja. Mteja akiniletea saa iliyopotea chini ya saa moja kwa miaka 18, nitamwambia arudi kwake, saa yake haina ugonjwa.

Mzunguko huo wa miaka 18 wanafalaki, wajuzi wa nyota, wanautaja kwa jina la Saros. Jina hilo lilibandikwa na Mwingereza Edmond Halley mwaka 1691, na wajuzi wanasema alikosea, kwani kwa watu wa Babeli neno hilo lilikuwa la idadi, 3600. Hesabu yenyewe lakini ni ya Babeli kweli. Makarani wao, huko Iraq ya leo, waliandika kupatwa kwa mwezi na jua kwenye vigae vya udongo, baba akamwachia mwana, karne baada ya karne, mpaka ile 223 ikajitokeza yenyewe. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na subira na mahali pakavu pa kuweka vigae.

Na kuna mashine, hii ndiyo inayoninyima usingizi kwa wivu. Mwaka 1901 wapiga mbizi wa Ugiriki waliitoa kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, donge la shaba lililoliwa na chumvi, lenye umri wa miaka 2000 na zaidi. Ndani yake mna magurudumu ya meno, na moja lina meno 223. Fundi aliyelikata alilikata kwa mkono. Mimi nina tupa za Uswisi na lenzi, nikiagizwa gurudumu la meno 223 nitaomba radhi.

Yule fundi alijua na jambo la pili, lile linalokuhusu wewe. Siku 6585.32 si siku kamili, kuna ile theluthi ya siku inayobaki, karibu masaa 8. Katika masaa hayo dunia inageuka theluthi ya mzunguko. Kwa hiyo jua linapopatwa tena baada ya miaka 18, kupatwa kuleule, kivuli kinaangukia upande mwingine wa dunia, theluthi moja kuelekea magharibi. Baada ya 18 nyingine, theluthi nyingine. Mara ya tatu, miaka 54 na siku 33 hivi, theluthi tatu zimetimia na giza linarudi upande uleule. Kwenye mashine ile kuna kisahani kidogo kwa kazi hiyo tu, kimegawanywa sehemu tatu: moja tupu, moja ongeza 8, moja ongeza 16.

Chukua 30 Juni 1973. Ongeza miaka 18 na siku 11: 11 Julai 1991, giza likapita Hawaii na Mexico, sisi huku usiku tumelala. Ongeza tena: 22 Julai 2009, likapita India na China. Ongeza tena. Ni 2 Agosti 2027.

Ndilo hilo. Lilikuja jikoni kwa babuyo, likazunguka dunia kwa zamu za watu wengine, sasa linakuja juu ya kichwa chako.

Nitakwambia na jambo nililotaka kulificha. Wewe ulizaliwa Julai 1991. Nilipoigundua ile tarehe moyo uliniruka, nikaanza kutafuta maana. Kisha nikaona haya. Siku Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, alipofariki, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume mwenyewe, na msiba ule moyoni, akawakataza: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Basi mimi ni nani nikufanyie wewe hesabu ya nyota? Ulizaliwa Julai kwa sababu ulizaliwa Julai.

Ila usidhani linarudi pale pale kama treni. Ule upungufu mdogo wa magurudumu, ule usiofika saa moja, unalisukuma giza kidogo kila mara, na kwa ukoo wetu huu linasukumwa kaskazini. Rudi nyuma miaka 54 kutoka 1973, utakuta 29 Mei 1919. Siku ile giza lilitoka Brazil, likapita kisiwa cha Principe, likavuka Kongo na kushukia kaskazini mwa Msumbiji. Hapo Principe Mwingereza Arthur Eddington alikwenda kupima kama jua linapinda mwanga wa nyota, kama alivyosema Einstein. Basi 1919 lilipita kusini yetu, 1973 likapita kaskazini yetu, 2027 limefika Makka, na 3 Septemba 2081 litapita Ulaya mpaka Uturuki na Iraq.

Nasema ukoo kwa sababu ndivyo ulivyo. Wanafalaki wameupa nambari, 136. Ulianza mwaka 1360 kwa kuuma kidogo tu kule kusini kabisa mwa dunia, una watoto 71, na wa mwisho atauma kidogo tu kule kaskazini mwaka 2622, kisha hakuna tena. Na si ukoo peke yake, koo kama 40 zinaishi pamoja, ndiyo maana jua hupatwa walau mara mbili kila mwaka mahali fulani duniani. Ile pete ya Ijumaa ya 15 Januari 2010, ulipokuwa nyumbani ukingoja matokeo ya kidato cha nne, Nairobi wakaiona kamili na sisi tukaona mwezi mwembamba wa jua asubuhi, ile ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa, 141. Kwa hiyo hiyo "miaka mia" ya ujumbe wako ni maneno ya mtu anayekaa mahali pamoja na kudhani ndipo penye dunia.

Sasa kioo. Ni cha mafundi wa kuchomelea vyuma, namba 14, si cheusi tu cha kawaida. Jua likianza kuumwa, tazama kupitia hicho tu, kamwe usitazame kwa macho matupu hata likibaki kama ukucha. Likifunikwa lote, kiondoe. Dakika hizo pekee ndizo unaruhusiwa, na mimi kwa miaka yangu yote sijazipata. Utaona weusi katikati na nywele nyeupe za jua pembeni, na nyota mchana. Kikichomoza kito cha kwanza cha mwanga, rudisha kioo machoni hapo hapo. Ukijaliwa kuwa Makka siku hiyo, huko giza ni kama dakika 5. Chagua mwenyewe, sitakuchagulia kati ya dakika na Kaaba.

Ni Jumatatu, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema. Saa zetu na zenu ni moja, utakapokuwa gizani nitajua. Banda la makuti halipo tena, tuliezeka mabati mwaka ule wa mvua kubwa, na mabati mazima hayafai kitu kwa kazi hii. Nitatoka uani na lile chujio la mamako la tambi, lina matundu mazuri ya duara. Yeye hajui bado.

Ni mimi,
Babako