Kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Kaka, jina lako sikuuliza. Usiku ule akili haikuwepo.

Mama alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, nimonia imembana, anapumulia oksijeni ya ile mashine ya umeme. Saa nane usiku umeme ukakatika, jenereta ikagoma. Wanaohitaji oksijeni wawili, mtungi uliobaki mmoja, geji chini ya nusu. Nikaganda mlangoni.

Wewe hukupiga kelele. Ulibana simu yenye tochi kwa meno, ukaunganisha mipira miwili kwenye mtungi, ukaandika namba ya geji kwenye kiganja chako. Kisha ukapita na kile kipimo cha kidoleni, kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mzee wa kitanda cha pili alisoma 99. Ukampunguzia kidogokidogo, ukasimama palepale kumtazama mpaka akatulia kwenye 94. Nikakuuliza kwa ukali (unisamehe) mbona unamnyima mzee hewa.

"Simnyimi, dada. 94 inamtosha. Iliyozidi anaihitaji mama yako."

Ukamwinua mama, mito miwili mgongoni, ukanifundisha kushika barakoa isivuje pembeni. Kila baada ya dakika chache ulirudi, unasoma geji, unakata namba ya zamani kiganjani na kuandika mpya. Umeme uliporudi, mkono wako ulikuwa wino mtupu.

Wenzangu mnaouguza, mkimkuta muuguzi anapunguza oksijeni, muulizeni kwanza kabla ya kufoka. Mimi nilifoka.

Mama yuko nyumbani, anamenya mihogo. Anauliza zamu yako ya mchana ni lini, akuletee.