Barua kwa Mjomba: kipepeo wangu wa Freiburg na wako wa Muheza si mmoja

Shikamoo Mjomba,

Ile picha ya kipepeo niliyoweka kwenye kundi la familia uliijibu kwa mstari mmoja: "Huyu si ndiye yule wa kwenye michungwa?" Wengine wakaitikia kuwa ndiye, na maongezi yakahamia kwenye harusi. Nimeamua kukujibu kwa kirefu, tena hadharani, maana wenye michungwa na milimau ni wengi, na najua wengi wao wangeuliza vile vile.

Siye, Mjomba. Ni ndugu, kwa kuwa wote wawili ni wa jenasi ya Papilio, yaani kundi moja la spishi za karibu, lakini kila mmoja ni spishi yake, yaani aina yake pekee. Ushahidi mkubwa umo kwenye mbawa, mradi picha ipigwe kwa namna ya kuuonyesha.

Wangu anaitwa Papilio machaon, jina alilopewa mwaka 1758 na Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi. Anapatikana Ulaya, Asia mpaka Japani, na hata Amerika Kaskazini. Huyu nilimpiga Badberg, kwenye vilima vya Kaiserstuhl karibu na Freiburg, Ujerumani, sehemu yenye joto na mizabibu mingi. Itazame ile picha tena na uikuze. Rangi yake kuu ni manjano, na mishipa ya mbawa imechorwa kwa weusi. Pale ubawa wa mbele unapoanzia, karibu na mwili, pana giza lililonyunyiziwa vumbi la manjano. Kwenye ubawa wa nyuma unapita mkanda wa buluu, na kwenye kona ya ndani pana doa jekundu. Halafu kuna mkia, mmoja kila upande.

Mkia peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Kwenye vilima hivyo hivyo yupo mwingine mwenye mkia mrefu zaidi, Iphiclides podalirius, na watu wa huku huwachanganya kila kiangazi. Huyo ni mweupe zaidi kuliko manjano, na weusi wake umekaa kwa mistari mirefu iliyokatiza mbawa kama ya punda milia, haufuati mishipa. Ukishaiona mistari ile mara moja, huwezi kumchanganya tena.

Sasa wako. Kwa jinsi ulivyomweleza na kwa mti unaomwona, sina shaka kwamba ni Papilio demodocus. Mbawa zake ni nyeusi zenye mabaka mengi ya manjano, na kila ubawa wa nyuma una madoa mawili yanayofanana na macho, yenye wekundu na buluu ndani yake, moja ukingo wa juu na jingine kona ya chini. Mkia hana. Ni wa ukoo ule ule unaosifika kwa mikia, lakini yeye hana hata kijipembe. Ndiyo maana naamini ukiziweka picha mbili pamoja utaona mwenyewe bila mimi kusema.

Lakini Muheza si bustani yangu ya Ulaya, nanyi mmebarikiwa kuliko sisi. Huko kwenu, hasa ukipanda milima ya Usambara Mashariki, yupo Papilio dardanus, na huyo ndiye aliyewasumbua wataalamu wakubwa. Dume ni wa manjano hafifu mwenye kingo nyeusi na mikia mizuri. Jike wa kwenu hana mkia, na rangi zake huiga vipepeo wengine wenye ladha mbaya ambao ndege huwakwepa. Tena majike wenyewe hawafanani, huyu anaiga spishi hii, yule anaiga nyingine. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi mbalimbali, mpaka mtaalamu wa wadudu Roland Trimen wa Cape Town alipoeleza mwaka 1869 kwamba wale wote ni wake wa dume mmoja yule yule wa manjano. Kila nikilikumbuka jambo hili hupata hamu ya kurudi nyumbani na kukaa msituni wiki nzima.

Kwa hiyo, Mjomba, nakuomba picha. Na picha ya kumtambua kipepeo si lazima ipendeze. Wengi humsogelea polepole wakitafuta picha nzuri, naye anaruka kabla hawajabonyeza. Wewe piga kwanza ukiwa mbali, papo hapo unapomwona. Ukishaipata hiyo, ndipo usogee. Nenda ukiwa umeinama, na uangalie kivuli chako kisimpitie, maana kivuli humtisha kuliko hatua zako. Saa nzuri ni asubuhi jua likiwa bado changa, kwa sababu hapo anakuwa amekunjua mbawa ili apate joto na hana haraka ya kuondoka. Jua likiwa kali utamfukuza bure.

Ukimkaribia, simu yako iwe sambamba na mbawa. Akizikunjua, mpige kutoka juu; akizifunga, mpige ubavuni. Ukiinamisha simu kidogo tu, ubawa mmoja unatoka safi na mwingine unafifia, na pengine lile doa tunalolitafuta liko kwenye huo uliofifia. Na usiridhike na upande wa juu. Upande wa chini wa mbawa wengi hawaupigi kwa kuwa rangi zake zimepoa, lakini mara nyingi ndio unaokata shauri.

Akiwa anafyonza maua hatatulia. Vipepeo wa ukoo huu hupigapiga mbawa hata wanapokula, kwa hiyo gandamiza kitufe simu ipige mfululizo, kisha uchague. Mimi kwenye kamera huweka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huyu machaon sikumfukuza kabisa. Madume yao wana tabia ya kukusanyika kwenye vilele vya vilima kuwasubiri majike, basi nilipanda juu nikakaa, naye akawa anazunguka na kurudi.

Kitu kingine ni mmea. Piga na jani alilotua, hasa ukimwona jike anagusagusa majani machanga kwa ncha ya tumbo, maana hapo anataga. Viwavi wa machaon hula jamii ya karoti na shamari. Wa kwenu hula michungwa, milimau na jamaa zao. Jani ni nusu ya jibu.

Tukifika kwenye viwavi, Mjomba, naomba unisikilize. Najua unavyowachukia. Wakiwa wadogo ni weusi wenye doa jeupe, wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanachomoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kwenye kitalu wana hasara ya kweli, mche mdogo unaweza kubaki vijiti. Lakini mchungwa uliokomaa hauumwi na viwavi wachache. Wa kwenye miche waokote kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa, na hiyo dawa ya kupulizia uiache, kwa kuwa inaua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na kukupunguzia kazi. Huku Ujerumani machaon analindwa na sheria, hata kiwavi wake. Kwetu sitaki sheria, nataka wewe tu uamue.

Na kama nadharia yangu haikutoshi, waulize watu wa Amani, hapo hapo wilayani kwako. Wapo wakulima waliokuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi akiwa ndani ya ganda kabla hajawa kipepeo, kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, kama wanavyofanya wenzao wa mradi wa Kipepeo kule Gede, Kenya, tangu 1993. Soko la Amani lilivurugika mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, lakini ujuzi haukwenda popote. Wanajua kila kiwavi anakula mti gani. Mimi ningesafiri kwenda kuwasikiliza.

Mvua zikinyesha na michungwa ikitoa majani mapya, pita asubuhi. Nataka upande wa juu, upande wa chini, na mti. Ukizituma, zitume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huzibana na kufuta tarehe na mahali ilipopigwa. Usimuue wala kumtia kwenye friji ili atulie. Asiyetulia leo atarudi kesho. Na ukiona mwenye mkia, usisubiri hata sekunde moja: piga na unitumie hivyo hivyo, hata kama imetoka na ukungu.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwa wako,
Freiburg